Shuka Lenye Alama ya Boma

Juma lililopita mjukuu wangu alikuja kunisaidia kuanika vitu vya sanduku, maana mvua za mwaka huu zimeacha ukungu hadi ndani ya nguo zilizofungiwa. Akachomoa shuka kuukuu lililogeuka rangi ya chai, akalikunjua, akapitisha vidole kwenye tundu la pembeni, akasema, "Bibi, hili si tulipigie deki?" Nilimnyang'anya kwa ukali hata akarudi nyuma. Sikumwomba radhi. Mtoto aliyekulia mjini Msamala, mwenye kabati zima la nguo, atajuaje kwamba tundu nalo laweza kuwa na habari zake?

Nililinusa shuka lile, nikitarajia sijui nini. Lilinuka sanduku tu. Lakini jioni, tulipofungua banda la kuku lililokuwa limefungwa kutwa, harufu kali ya kinyesi cha kuku ikanipiga puani, machozi yakanitoka, na papo hapo nikawa nyuma ya boma la Songea, mtoto wa meno ya mbele yaliyong'oka, nimesimama kati ya kamba za nguo. Wenzangu wa umri wangu mnajua mambo haya. Pua haizeeki hata macho yakizeeka, na haiombi ruhusa kabla ya kukurudisha usikotaka kwenda.

Nianze na baba, ingawa sina mengi juu yake. Alikwenda pamoja na wanaume wengine wa kwetu kunyunyiziwa maji ya dawa, akarudi kifua kinang'aa, anacheka, akaniinua juu ya kichwa chake na kusema risasi za Wadachi zitayeyuka. Nilimwamini kwa sababu alikuwa baba yangu na kwa sababu alikuwa na furaha. Baadaye walirudi watu wengine, yeye hakurudi. Kisha maghala yakachomwa, mashamba yakachomwa, tukala mizizi, na mizizi ilipokwisha mama akanibeba mgongoni hadi bomani, kwa kuwa ilitangazwa kwamba mwanamke atakayejileta hatapigwa risasi, atapewa kazi na unga kidogo. Mama kwetu tulimwita mau. Katika kibuyu kidogo mau alikuwa na ulezi usiojaa kiganja, na njaa yote ile hakuruhusu tuuguse. Nilipolia alisema, "Mbegu hailiwi, mwanangu. Ukila mbegu umekula na mwaka kesho." Nilimwona katili.

Pale bomani alipewa kazi ya kumchotea maji dobi. Dobi mwenyewe, Mzee Rajabu, alikuwa mtu wa Kilwa, mwenye kikohozi na maneno machache. Mkewe, Bi Somoe, ndiye aliyeshika maneno yote ya nyumba ile. Asubuhi ya kwanza nilimpita mlangoni bila salamu, maana sikujua Kiswahili cha kusalimia, naye akanishika sikio. "Kwani tumelala pamoja? Sema shikamoo." Nikasema. "Marahaba. Sasa umekuwa mtu." Ndivyo alivyonifundisha lugha, kwa sikio, na sikio liliuma lakini lugha iliingia.

Kazi yao ilikuwa kufua nguo za maofisa na mashuka ya hospitali ya askari, na kwa kuwa nguo nyeupe zote ni ndugu, kila moja ilitiwa alama isije ikaenda kitandani kwa mwingine. Za hospitali zilikuwa na duara lenye msalaba ndani. Alama haikuandikwa kwa wino wa karani, kwa sababu huo ukiona sabuni unakimbia. Bi Somoe alikuwa na kichupa cheusi, kimefungwa karatasi na kutiwa ndani ya kisanduku chenye kufuli. Kwanza alilowesha pembe ya shuka kwa magadi na gundi ya mti, akaikausha, akaipiga pasi ya makaa. Halafu alikifungua kichupa, na hapo ndipo harufu ile ya banda la kuku ilipotoka. Alichovya unyoya na kuandika kwa maji matupu. Nasema maji matupu, kwa sababu ndivyo nilivyoona. Nguo ilibaki nyeupe, ina unyevu tu. Kisha akaitandaza juani, akaendelea na kazi zake, na mimi nikachuchumaa kuangalia. Polepole yale maji yakawa manjano, yakawa rangi ya kahawa, na kabla ya adhana ya adhuhuri yalikuwa meusi tititi. Nguo ikafuliwa, ikachemshwa, ikapigwa juu ya jiwe, alama haikusogea.

Mnaweza kukisia nilichofikiri. Baba yangu alipewa maji yasiyofanya yaliyosemwa, na hapa palikuwa na maji yanayofanya yaliyosemwa, yamefungiwa kufuli. Nikajua, kama mtoto anavyojua, kwamba maji ya kweli Wadachi ndio waliokuwa nayo tangu mwanzo. Nilimuuliza Bi Somoe, "Bibi, haya ndiyo yale maji ya baba?" Aliacha pasi, akanifunika mdomo kwa kiganja kilichonuka moshi. "Nyamaza! Neno hilo lisitoke tena kinywani mwako humu bomani. Unasikia?" Kama angecheka ningeacha kuamini. Aliogopa, nami nikaona nimepatia.

Bi Somoe alikuwa na ncha za vidole nyeusi, na alinionya kila siku. "Wino huu ni fedha iliyoyeyushwa kwa tindikali, fedha hii hii ya vikuku. Daktari anayo nyingine ngumu kama kijiti, anachomea vidonda vibaya, na watu wa kwao wanaiita jiwe la jehanamu. Wakati wa marehemu mama yangu tulitia alama kwa mafuta ya ganda la korosho, nayo yanababua, lakini haya ni zaidi." Alisema tena kwamba kichupa kikikaa hadi kikakauka kisikwanguliwe, maana dobi mmoja wa pwani alikwangua kwa kisu, chupa ikalipuka ikamla vidole. Mimi sikusikia hatari. Nilisikia nguvu.

Tena palikuwa na mzee wa taulo. Taulo la ofisa lilichukuliwa na mto wakati wa kufua, likaenda, na Mzee Rajabu akakosa usingizi. Siku nyingi zilipita. Kisha akaja mzee mmoja kutoka bonde la mbali, miguu imevimba, amelibeba taulo kwenye ncha ya fimbo asiliguse kwa mkono. Alipiga magoti mbele ya mlinzi. "Nimelikuta mtoni, bwana. Sikuliiba. Nimeona alama, nikasema nilirudishe." Alitetemeka kiasi kwamba taulo nalo lilitikisika. Watu wazima wote pale walijua alitetemekea nini, kwani kamba ya kunyongea ilikuwa haijasahauliwa na mtu. Bi Somoe alinong'ona, "Mali ya serikali haipotei. Hupotea aliyeikuta." Mimi nilitazama alama tu. Nikafikiri, kitu kikiwa na alama, hata kikienda na mto, kitapata wa kukirudisha kwa mwenyewe.

Zilipofika siku za baridi nyapara akaja na habari kwamba kuna unga wa kupelekwa Tunduru kwa askari waliokuwa huko, na wanaume wa kubeba hawatoshi. Wanawake wenye nguvu watabeba. Mau hakuwa na nguvu, lakini alikuwa na miguu. Kaniki yake ilikuwa imebaki nyuzi, kwa hiyo Bi Somoe akatoa shuka kuukuu la hospitali. "Jifunge hili. Limechakaa, lakini stara ni stara." Mau akajifunga, na duara lenye msalaba likaangukia ubavuni mwake. Kisha akamwaga ulezi wote wa kibuyu katika pindo la shuka, akalifunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Niachie mimi," nikasema.

"Nikuachie wewe? Utautafuna nikiwa sijavuka hata kilima." Alicheka, na nilipenda kucheka kwake hata nikiwa na hasira. "Nikirudi tutaupanda pamoja. Mvua zitakuwa zimekaribia."

"Nitakungoja wapi?"

"Pale kwenye kamba za nguo. Nikitokea njia ya Tunduru nikuone kabla hujaniona. Usiondoke na mtu, hata akikupa chakula."

Aliniinamia, nami nikashika mkono wake wa juu, pale alipokuwa na chale zake, mistari mitatu na nukta chini yake, alizochanjwa alipokuwa mwali. Nilikuwa na kawaida ya kuzipapasa nikitaka kulala. Alinibandua vidole taratibu, akajitwika mzigo, akaingia kwenye mstari wa watu. Shuka jeupe lilionekana kwa muda mrefu kuliko yeye.

Basi nikangoja. Sijui kama upweke wa mtoto unaelezeka kwa mtu mzima ambaye hajaupata. Mtu mzima mpweke anajua wengine wako wapi. Mimi nilisimama kati ya mashuka, na yalipojaa upepo sikuona kitu kingine, meupe mbele na meupe nyuma, na kila yalipotulia nilichungulia barabara. Watoto wa askari walicheza karibu na ukuta. Nilipowasogelea waliniita mtoto wa maji, wakaniuliza maji ya baba yako yako wapi, wakakimbia wakicheka. Nikarudi kwenye kamba zangu. Bi Somoe alinipa ugali na kazi ya kuokota vibanio vya miti, lakini usiku alilala na mumewe, na mimi nililala peke yangu kwenye kapu la nguo chafu, kwa sababu zilikuwa na joto la watu.

Hofu iliniingia kidogokidogo. Vipi akirudi asinikute? Vipi nikichukuliwa na mtu kama watoto wengine walivyochukuliwa? Hapo ndipo nilipolikumbuka taulo.

Adhuhuri moja Bi Somoe alikuwa kwenye mkeka anaswali, na kisanduku kilikuwa wazi kwa sababu alikuwa katikati ya kazi. Nilichukua kichupa na unyoya, nikaenda kati ya kamba. Alama yangu ingekuwa ipi? Duara na msalaba vilikuwa vya hospitali, nami sikuwa wa hospitali. Nilikuwa wa mau. Nikachora chale zake juu ya mkono wangu, mistari mitatu na nukta chini yake, nikaikoleza, ikachuruzika hadi kiwiko. Nikaunyosha mkono juani na kungoja kama Bi Somoe anavyongoja. Ikaja manjano. Ikaja kahawa. Nilipoona weusi wa kwanza nilicheka peke yangu, kicheko changu cha kwanza tangu mau aondoke. Sasa yeyote atakayeniokota, hata kwenye mto, atajua mimi ni wa nani.

Kisha ikaanza kuchoma. Nilivumilia kidogo, nikidhani ndiyo nguvu yenyewe inaingia, halafu nikapiga yowe na kujifuta machozi kwa mkono ule ule. Bi Somoe alikatisha swala yake, jambo ambalo sikuwahi kuliona kabla wala baada. Aliniburuta hadi kwenye pipa, akanizuia mikono, akatupa chumvi konzi nzima ndani ya maji na kunimwagia mkononi na usoni. Maji yalipogusa wino yaligeuka meupe kama maziwa na kutiririka hadi miguuni.

"Unataka upofu? Haya yakiingia jichoni, jicho ndilo litakalotoka! Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Ulikuwa unafanya nini? Sema!"

"Najitia alama," nikasema, nikilia. "Nikipotea wanirudishe kwa mau."

Bi Somoe alibaki na mkono wangu mkononi mwake, akaupepea kwa upande wa khanga yake.

Nilitoka malengelenge, na shavuni nikawa na doa jeusi lililowafurahisha watoto wa askari. Lakini alama ilikuwepo, na hilo ndilo nililolijali. Kitu ambacho sikukijua ni kwamba nguo haina uhai, na ngozi inao. Nguo hukaa na alama hadi iishe, ngozi hujivua. Baada ya majuma kadhaa ule weusi ulianza kubanduka vipande vipande, nikivishika na kujaribu kuvirudishia kwa mate. Nilimsihi Bi Somoe aniandike upya. Alikitia kisanduku kufuli na ufunguo akautundika shingoni. Ila asubuhi iliyofuata, nilipompa shikamoo yake, alichovya kidole katika masizi na mafuta, akaniambia, "Lete mkono." Akachora mistari mitatu na nukta. Ikawa desturi yetu. Shikamoo, marahaba, mkono. Jioni masizi yalikuwa yameshafutika, asubuhi akachora tena, na hakuniambia hata mara moja kwamba ni upuuzi. Nimependwa na watu kadhaa maishani, akiwemo mume mzuri, lakini sijui kama kuna aliyenipenda kwa kazi ndogo ya kila siku kama ile.

Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kujikusanya msafara ulipofika kutoka Tunduru. Walileta furushi kubwa la nguo za hospitali, chafu, zina damu na tope, wakalibwaga mlangoni kwetu. Kazi yangu ilikuwa kuzitenga. Nikavuta shuka moja, nikaona pindo lake lina fundo. Nilijua fundo lile kabla sijalishika. Lilikuwa limekazwa kwa meno.

Nilifurahi jamani. Nililikumbatia shuka pamoja na uchafu wake, nikakimbia barabarani. Nguo imerudi, basi mwenyewe yuko nyuma yake, ndivyo alama inavyofanya kazi. Niliwatazama wapagazi wote usoni mmoja mmoja. Wengine walikaa chini wanajisugua miguu. Nikamngoja wa mwisho, akaja mtu anachechemea na mbuzi, na baada yake barabara ikawa tupu.

Niliporudi, Bi Somoe alikuwa anaongea na nyapara, mtu mpole asiyewahi kunipiga.

"Yule mama alilala njiani," alikuwa akisema. "Tumbo. Hatukufika hata mtoni."

"Mkamzika?"

"Tulimzika, Bi Somoe. Hatukumwacha."

"Mlimzika na nini, na nguo yake hii hapa?"

Nyapara alitazama chini. "Ina alama ya boma. Nani amfukie mtu na mali ya serikali? Ningeulizwa. Tulimfunika majani, majani mengi, mabichi."

Bi Somoe alisema, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun," akakaa juu ya furushi. Mimi nilielewa nusu. Niliuliza mau amelala mpaka lini. Asubuhi nilimpa Bi Somoe shikamoo yake, nikanyosha mkono. Aliushika, akaushikilia muda mrefu, na hakuchora kitu. Hapo nikaelewa nusu iliyobaki.

Bi Somoe akamwambia mumewe kwamba shuka lile limeoza, halifai tena hata kwa bendeji, akalitupa kwenye kapu la matambara, na giza lilipoingia akanipa mimi. Fundo tulilifungua pamoja. Ulezi ulikuwemo wote. Mwanamke alikufa kwa njaa na tumbo njia ya Tunduru, na mbegu alikuwa nayo ubavuni, hakuila. Tuliipanda nyuma ya kamba za nguo mvua zilipoanza. Ndege walikula nusu yake, kwa kuwa mimi mlinzi nililala, lakini iliyobaki tulivuna.

Kwa miaka nimejiuliza mambo ya kijinga. Nilijitia alama mimi niliyekaa, na yule aliyesafiri akaenda na alama ya watu wengine. Laiti ningemchorea mau shuka lake, mistari mitatu na nukta, pengine wangemwachia. Najua haiwezekani, mtoto hakujua na mkubwa hakuweza. Bado najiuliza.

Kijana wangu aliyesomea utabibu aliwahi kunieleza kwamba wino ule ukichanganywa mkali mno hula nguo, kidogokidogo, miaka na miaka. Ndivyo ilivyokuwa. Kwanza duara likawa na rangi ya kutu, kisha nyuzi zikakatika penye mstari, kisha vipande vinne vya ndani ya duara vikadondoka kimoja kimoja sandukuni. Shuka zima limebaki, kilicholiwa ni alama peke yake. Hakuna tena pa kusoma kwamba ni mali ya boma.

Jana nilimwita mjukuu wangu, nikamwonyesha namna ya kulikunja, nikamwagiza kwamba siku yangu ikifika wanitandikie ndani ya kaburi chini ya sanda, hata shehe akinuna. Aliligeuzageuza. Ni mtoto mwema, ila ana mdomo.

"Lakini Bibi, si lina tundu?"

Nikamwambia ndiyo, na sasa ndipo linaweza kurudi kwa mwenyewe. Mau amekaa na majani muda mrefu mno.